Jina la Baba Mkwe

Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, 3 Oktoba 1976

Daftari hili nimepewa na ofisi kwa sababu mimi ni mwalimu msaidizi wa kisomo cha watu wazima hapa Ngokolo. Sijisifu, lakini katika akina mama wa mtaa huu ni mimi tu niliyefika darasa la nne kwa masista wa Ushirombo. Badala ya kuandikia mahudhurio, nitaandikia habari za Salvina, ili wajukuu wangu wasome wajue mama yao alivyopelekwa Ulaya na ni nani aliyempeleka.

Salvina wangu amechaguliwa. Yeye ni bwana mifugo. Watu wanamwita hivyo hivyo bwana mifugo ingawa ni msichana, na ng'ombe hawajalalamika. Mkuu wake wa kazi kamwambia mkoa mzima umepata nafasi moja, naye ndiye aliyependekezwa: kwenda Urusi miaka sita kusomea udaktari wa mifugo, mji wa Frunze, nchi ya Kirgizia, kwenye milima. Atasafiri Januari, wakati huko ni baridi ya kuganda.

Nimeamua kutomwambia mtu, macho ya watu ni mengi. Nimemwambia tu Mageni, mwanafunzi wangu wa kisomo, na Bhoke jirani yangu, na wale wanne tuliokaa nao benchi moja kanisani.

Jina lake kamili ni Salvina Alois M. Alois ni baba yake, mume wangu, yuko Mwadui kazini, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Hiyo M. ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu mkamwana hataji jina la baba mkwe. Miaka ishirini na minne nimeolewa, sijalitia mdomoni, wala sijaliandika. Humu nitaandika M.

Jumatano, 6 Oktoba

Joto. Nimekwenda kwa Padri kuona nchi yenyewe kwenye kitabu chake cha ramani. Kaniambia mahali palipotiwa rangi ya kahawia ni mlima, na kahawia ikikolea mlima ni mrefu zaidi. Kirgizia yote imekolea kama chungu cha zamani. Nikamuuliza watu wanalima wapi. Akasema wanafuga, kondoo na farasi, na maziwa ya farasi wanakunywa.

Nimerudi nikiwaza. Mtoto niliyemlea kwa maziwa ya ng'ombe akanywe ya farasi?

Jumatatu, 11 Oktoba

Leo nimefanya kazi kubwa.

Fomu ya safari imeletwa na mtu wa ofisini kwao Salvina, na mwenyewe yuko Kishapu kwenye majosho mpaka wiki ijayo. Tarehe ya mwisho imekaribia. Baba yake yuko Mwadui. Yule mtu akasema, "Mama, mzazi anaweza kujaza. Au nitafute karani akusaidie?"

Nikamwambia, "Karani wa nini? Mimi mwenyewe nafundisha kuandika."

Nikafanya kwanza mazoezi kwa penseli, nyuma kabisa ya daftari hili, ukurasa wa mwisho, nimeligeuza juu chini ili nisichanganye na shajara. Kisha nikanawa mikono, nikajaza kwa wino. Walitaka herufi ya kwanza ya jina la mtoto na jina la ukoo. Nilipofika kwenye la ukoo niliiweka kalamu chini. Nilitoka nje kwanza, nikatazama huku na huku, nikarudi nikaliandika upesi bila kulitamka.

Na niliandika kwa Kiswahili safi. Watu wa Dar wanatucheka sisi Wasukuma, eti tunasema habali, kalibu, sukali. Kila siku nawaambia akina mama darasani: huo ni ulimi wa nyumbani, ukishika kalamu usahihishe. Basi nami nilisahihisha. Wakiiona fomu ile watasema huyu mama kasoma.

Nimeipeleka posta mwenyewe.

Jumanne, 12 Oktoba

Hakuna mvua. Bomba limekauka tangu asubuhi.

Jumatano, 20 Oktoba

Salvina amerudi, mwekundu kwa vumbi la Kishapu. Nikamwambia fomu imekwenda. Akauliza, "Yote umeijaza wewe, Mama?"

"Kwani ulitaka nani?"

"Hakuna. Asante, Mama." Lakini niliona jicho lake, si la asante.

Jioni kaja Bhoke. Huyu ni mtu wa Tarime, mpiga chapa katika ofisi ya wilaya, hana mume hapa, anaishi mlango wa tatu kutoka kwangu. Tunaishi vizuri. Leo lakini kauliza maswali. Huko anakokwenda baridi inafika kiasi gani? Ataondoka tarehe gani? Kisha akamsimamisha Salvina, akampima mabega kwa shubiri yake, huku na huku, akicheka.

Salvina naye akacheka. Mimi sikucheka. Mtu akikupima mabega ana lake.

Jumanne, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Mvua ya kwanza, ndogo, imelowesha juu tu. Nilipotoka misani nilimkuta Bhoke anashusha mgeni kwenye basi la Mwanza. Mdogo wake, anaitwa Serafina, katoka Tarime na sanduku kubwa la bati limefungwa kamba. Kimo chake ni cha Salvina. Mabega ni ya Salvina.

"Kaja kukaa?" nikauliza.

"Kaja kunisaidia kazi fulani," Bhoke akasema, akageuza maneno.

Kazi gani ya mtu anayekaa chumba kimoja na ana meza moja na vijiko viwili?

Jumanne, 9 Novemba

Blauzi ya Salvina ya buluu haiko kwenye kamba. Nilianika nguo saba, nimeanua sita.

Jumatano, 10 Novemba

Nimemuuliza Salvina habari ya blauzi. Akasema, "Itarudi, Mama, usiisumbukie." Sijapata kuona nguo inayokwenda na kurudi yenyewe.

Darasani Mageni kaandika ubaoni "mwarimu". Nikamwambia hapana, ni mwalimu. Akasema, "Si umesema l ni ya nyumbani, tuiache nyumbani?" Wakacheka wote. Bibi wa miaka sitini anabishana kama mtoto. Nikamweleza kwamba l nyingine ni halali. Akauliza, "Sasa halali nitaijuaje?" Nikamwambia atajua kwa kuzoea. Akasema, "Basi wewe umezoea."

Jumatatu, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Salvina kaitwa ofisi ya wilaya leo saa nne. Huko kuna karani wa masomo anaitwa Bartholomeo, mtu wa miwani, mpole. Kampa barua kutoka Dar. Kaja nayo mpaka darasani, kanikuta na chaki mkononi. Sijawahi kumwona mtoto wangu amekuwa na rangi ile. Tulitoka nje tukasimama upande wa kivuli, akanisomea.

Barua inasema vyeti vyake wamevipata kutoka kazini. Fomu yake hawakuipata mpaka tarehe ya mwisho imepita. Inasema tena kwamba nafasi ya Shinyanga ni moja, na fomu iliyofika ni ya ndugu S. Masere, kwa hiyo nafasi imeandikwa kwa ndugu huyo, na vyeti vyake vinangojewa. Mwenye malalamiko ayafikishe kabla tarehe 20 Desemba haijapita.

"Masere," nikasema. "Ni nani huyo?"

"Simjui, Mama. Hapa mkoani hakuna bwana mifugo wa jina hilo."

Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Mwadui. Kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeweka mguu kwenye maji asiyojua kina chake, "Mama, ile fomu. Jina la babu uliliandikaje?"

"Nililiandika linavyoandikwa."

"Hebu niandikie hapa nyuma ya barua."

Nikamtazama. Mtoto wangu wa kumzaa anataka nikae nikiandika jina la baba mkwe mchana kweupe, mbele ya akina mama kumi na wanane wanaochungulia dirishani. "Nimeliandika mara moja kwa ajili yako," nikamwambia. "Haitoshi? Nimekosea nini, Salvina? Mimi ninayefundisha watu?"

"Sijasema umekosea, Mama."

"Jicho lako limesema."

Akaikunja barua. "Basi yaishe, mayu," akasema, na aliponiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nikajua ameumia.

Nimekaa tangu hapo nikiwaza. Masere. Jina lenye r katikati, si jina la kwetu. Upande wa Mara ndiko wanakokunja ulimi hivyo. Na ni nani mtu wa Mara anayepiga chapa barua zote za ofisi ile? Nani kaleta mdogo wake mwenye mabega ya mtoto wangu, na sanduku la safari? S. Masere. Serafina huanza kwa herufi gani?

Jumanne, 16 Novemba

Sikumjibu Bhoke salamu.

Jumatano, 17 Novemba

Sikumjibu tena. Mvua kubwa, paa linavuja juu ya kabati.

Jumamosi, 20 Novemba

Mageni anasema kapita dirishani kwa Bhoke, kaona mdogo wake amekaa kitandani na kitu kinene mapajani, alipoona mtu akakifunika na kanga. Kitu gani, nikamuuliza. "Kama mnyama," akasema. "Mweusi, ana manyoya."

Sijala mchana wa leo.

Jumatano, 24 Novemba

Ile blauzi ya buluu imerudi. Nimeikuta imekunjwa vizuri juu ya kitanda cha Salvina, imepigwa pasi. Nimeichunguza mishono yote. Kwenye mkono wa kushoto nimetoa uzi mmoja mweusi wa sufu ambao si wa kwetu. Nimeuchoma.

Jumamosi, 27 Novemba

Baba Salvina kaja kutoka Mwadui. Nimemweleza yote tangu mwanzo, mabega, sanduku, blauzi, mnyama mwenye manyoya. Yeye ni mtu wa kusikiliza huku akivua viatu. Alipomaliza kiatu cha pili akasema, "Kwa hiyo msichana wa Tarime anakwenda Urusi badala ya Salvina."

"Ndivyo."

"Na vyeti vya mifugo atavitoa wapi?"

"Watavipiga chapa. Si ndiyo kazi ya dada yake?"

"Na sindano ya ng'ombe atajulia wapi kuichoma?"

Nikamwambia asinichekeshe. Akasema hanichekeshi, anauliza tu, na kabla sijamtukana mtu nikamuulize vizuri. Huyu mume wangu akiibiwa kuku atamuuliza kwanza mwizi kama ameshiba.

Jumatano, 1 Desemba

Nimekwenda mwenyewe kwa Bartholomeo. Nimevaa gauni la Pasaka ili ajue anazungumza na nani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nataka kumjua Masere."

Akavua miwani. "Na sisi tunataka kumjua, Mama. Tumeuliza wilaya zote mpaka Bukombe. Hakuna anayemfahamu. Dar wanangoja vyeti vyake, yeye haleti."

"Hataleta. Atakuja na vya kuchonga."

"Mama unamshuku mtu?"

Nyuma ya mlango mashine ya kupigia chapa ilikuwa inalia ta-ta-ta. Ikanyamaza. Nikasema kwa sauti ya kufika kule, "Namshuku mtu anayesikiliza."

Mashine ikaendelea ta-ta-ta.

Jumapili, 5 Desemba

Leo nimelitoa moyoni.

Bombani, baada ya misa, foleni ndefu, ndoo zimefuatana mpaka kwenye ukuta. Bhoke alikuwa mbele yangu watu wanne. Akageuka akanisalimu kama kawaida yake, kama mtu asiye na jambo. Nikasema, "Mwambie mdogo wako Masere asisahau kubeba kitu cha baridi."

Watu wakageuka. "Masere gani, Mama Salvina?"

"Huyo mnayemficha chumbani. Anayekwenda kwenye nafasi ya mtoto wangu. Unadhani hatusomi? Mimi nimesoma kabla hujajua kushika kalamu."

Nilisema na mengine. Nilisema mambo ya watu wa Tarime ambayo sitayaandika humu, kwa sababu wajukuu watasoma. Serafina alikuwa pale ameshika ndoo. Akaiweka chini, akaenda zake ndani bila maji. Bhoke hakuondoka. Alijaza ndoo yake mpaka juu, akajitwika, ndipo akasema, wala hakupaza sauti:

"Mama Salvina, kwetu hakuna Masere. Kuna Marwa, kuna Mwita, kuna Chacha. Masere ni jina la Msukuma aliyekwenda shule."

Watu wengine walicheka. Nimewaandika wote moyoni.

Salvina hajanisemesha tangu saa sita.

Alhamisi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Wenzangu wamekwenda uwanjani kuona ngoma, mimi nimebaki, kichwa kinaniuma. Mahindi yametoka, mistari imenyooka vizuri. Salvina kaanza kuzungumza kuhusu majosho ya mwakani, kama mtu ambaye haendi popote. Kile kitabu chenye picha za milima ya theluji alichopewa kazini kakirudisha.

Siku kumi na moja zimebaki.

Jumapili, 12 Desemba

Naandika kwenye pembe ya karatasi kwa sababu karatasi zimekwisha. Sikujua kama nimeandika mengi hivi. Habari za Bhoke peke yake zimekula kurasa kuliko za mwanangu.

Mchana huu, Salvina kalala, nilifungua nitafute mahali peupe. Nikageuza karatasi, nikageuza, nikakutana na maandishi yanayonitazama juu chini. Penseli. Nikaligeuza daftari. Ni ile rasimu ya fomu, niliyoifanya ile siku ya Oktoba.

Jina la mwombaji: S.
Jina la ukoo: na hapo nimeandika mara tatu, kila mara vizuri zaidi, mkia wa r umevutwa kama vile nilivyofundishwa na masista.

Masere. Masere. Masere.

Nililitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nakumbuka nilivyoliandika, na kalamu, na kwamba nilinawa mikono. Herufi yenyewe sikuikumbuka. Jina ambalo sijawahi kulitamka ningelisikia wapi likitoka mdomoni mwangu? Nililisikia kwa wengine tu, kwa ulimi wa nyumbani, nikadhani hiyo l ni l ya habali. Nikamsahihisha baba mkwe.

Hakuna msichana wa Tarime. Mwizi wa nafasi ya Salvina ni mimi, na gauni langu la Pasaka.

Jumatatu, 13 Desemba

Nimemwambia. Niliweka daftari mezani limegeuzwa, nikaweka na chai, nikasimama mlangoni.

Kasoma. Kisha akaweka kichwa juu ya meza, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikaenda kumshika. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, vyote pamoja. "Mama, mimi nilijua," akasema. "Tangu siku ya barua nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuambia uniandikie ukakataa. Nikuambie mara ngapi kwamba mwalimu kakosea?"

Hili nimeliandika kama alivyolisema, ingawa linauma.

Tukaenda kwa Bartholomeo pamoja. Yeye hakucheka, Mungu ambariki. Akasema inawezekana: mzazi aliyejaza fomu aende kwa hakimu, aape kwa mdomo wake kwamba S. Masere na Salvina Alois M. ni mtu mmoja, hati ipigwe chapa, itiwe muhuri, ifike Dar kabla tarehe ishirini haijapita.

"Baba yake hawezi kuapa?" nikauliza.

"Aliyejaza ndiye anayeapa, Mama. Utayataja majina yote mawili, hakimu akisikia."

Nikashika kiti.

Jumatano, 15 Desemba

Samuye, nyumbani kwa baba mkwe, nimekuja na Salvina. Nimeandika haya nyuma ya bahasha, nitaibandika humu.

Mzee alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nilipiga magoti mbali, kama ilivyo desturi, nikamweleza nikitazama chini. Nilimweleza yote, hata lile la bombani. Aliendelea kuchonga. Nilipofika kwenye habari ya hakimu akasimamisha kisu.

"Kwa hiyo unaomba ruhusa kulitaja."

"Ndiyo, Baba. Mara moja tu."

"Mbele ya serikali."

"Ndiyo, Baba."

"Hebu litaje kwanza hapa. Nisije nikatoa ruhusa ya jina langu likaenda la mtu mwingine."

Nilitamani ardhi inifunike. Nikaomba nigeuke, nikapewa ruhusa, nikatazama zizi la ng'ombe. Nikavuta pumzi. Na jasho lile, na woga ule, na miaka ile yote ya kusahihisha, mdomo ukasema: "Masere."

"Huyo simjui," Mzee akasema nyuma yangu.

Salvina akaziba mdomo kwa kanga. Nikajaribu tena, na safari hii nikaushika ulimi kama unavyoshika ndama, nikalisema lilivyo.

Mzee akaweka kisu chini. Kisha akasema, kwa Kisukuma, kwamba mama mkwe wangu marehemu hakuwahi kulitaja mpaka anakufa, na kwamba amekaa muda mrefu hajalisikia kwa sauti ya mwanamke wa nyumba yake. "Nenda," akasema. "Likimfikisha mtoto huko, nitasema lilifanya kazi."

Nilimshukuru, wabeja, nikaondoka kwa kurudi nyuma.

Ijumaa, 17 Desemba

Hati lazima ipigwe chapa, na mpiga chapa ni mmoja.

Nilikaa na Salvina kwenye benchi la nje tangu saa mbili. Bartholomeo akafungua mlango, akaniambia ingia, Mama, mwambie mwenyewe maneno. Bhoke alikuwa ameshaweka karatasi na kaboni. Hakuinua macho.

"Jina la mwapaji."

Nikamtajia.

"Jina la mwombaji, kama lilivyo kwenye fomu."

"Es. Masere."

Ta-ta-ta-ta-ta-ta. "Jina lake la kweli."

"Salvina Alois." Nikaishia hapo.

Akangoja, vidole hewani. Anajua desturi yetu, amekaa hapa miaka saba. Angeweza kulipiga mwenyewe, analijua jina la Salvina kama jina lake. Hakulipiga. Alitaka kulisikia, na haki alikuwa nayo.

Nikalitaja.

"L au r?" akauliza.

"L," nikasema. "L ya lawama zangu. Bhoke, nilikukosea. Nilikukosea mbele ya watu, na mdogo wako aliacha maji yake. Nitakwenda bombani nitasema hivyo hivyo, mbele ya watu hao hao."

Alipiga chapa mpaka mwisho wa mstari, kengele ya mashine ikalia. "Jumapili," akasema. "Baada ya misa. Foleni ikiwa ndefu."

"Ikiwa ndefu."

"Na umtwishe Serafina ndoo."

"Nitamtwisha."

Ndipo akainama chini ya meza akatoa kifurushi cha gazeti. Sweta, nyeusi, ya sufu nzito, shingo ndefu, na soksi na kofia vyake. Kwao Tarime kuna baridi, mdogo wake anajua kufuma. Sufu ilitoka na lile sanduku. Blauzi ya buluu Salvina mwenyewe aliwapa kwa kipimo. "Tulitaka iwe siri," Bhoke akasema. "Mnyama mwenyewe ndiye huyu."

Nilipotoka nje niliipima mabegani mwa Salvina. Imemkaa.

Hakimu alinisikiliza saa nane na nusu. Sasa hivi Salvina yuko kwenye treni, anapeleka hati mwenyewe. Mimi siiamini posta.

Jumapili, 19 Desemba

Foleni ilikuwa ndefu. Nimesema. Mageni akauliza, "Kwa hiyo l ni halali?" Nikamwambia ndiyo, andika. Serafina nimemtwisha ndoo mbili, moja baada ya nyingine.

Alhamisi, 23 Desemba

Simu ya maandishi kutoka Dar: JINA SAWA NDEGE JANUARI KUMI NA NNE NARUDI NOELI SALVINA.

Nimeusomea mtaa mzima.

Jumamosi, 8 Januari 1977

Stesheni. Baba Salvina kaja na shati jipya. Bhoke na Serafina. Mageni na darasa zima, nusu wanajua kusoma ubao wa treni. Hata Mzee kaja kutoka Samuye, kakaa juu ya mzigo na mkongojo wake, mbali na mimi kama ilivyo desturi.

Nilimpa Salvina maagizo. Asinywe maziwa ya farasi mpaka aone wenyeji wenye watoto wanakunywa kwanza. Asimwamini mtu anayempima mabega, isipokuwa Bhoke. Akipanda mlima ashuke mchana.

Joto kali, naye kavaa ile sweta, kakataa kuivua mpaka picha ipigwe.

Mkaguzi wa treni akapita na orodha yake ya behewa, anasoma akinung'unika. "Salvina... Salvina Alois... nani huyu, mwandiko gani huu, Mase..." Salvina akafungua mdomo. Nikamtangulia. Sauti yangu mimi ni ya darasani, inafika mbali.

"Masele," nikasema. "Salvina Alois Masele. Kwa l."

Stesheni nzima ilisikia. Nikageuka upande wa Mzee, mikono mdomoni. Alikuwa ametazama reli, ameziba sikio moja kwa kiganja. Lile jingine ameliacha wazi.